Utando wa Fundi Kidole

Kijiwe cha Fundi Kidole na wenzake ni benchi la mbao lililoegemea ukuta wa nyuma wa kiwanda cha mikate, mahali ambapo joto la tanuri hupenya matofali na kuwapasha migongo. Asubuhi hiyo Fundi Kidole alikaa pembeni, barua mfukoni. Kwa miaka kumi na tisa amehudumia magurudumu ya matoroli yanayoingia tanurini. Huyapaka unga mweusi ambao watu huuita risasi ya penseli, ingawa risasi haimo. Jina lake ni grafiti. Huusugua kwa kidole, kisha kwa kitambaa, hadi ubaki utando mwembamba tu. Sasa meneja mpya ameandika kwamba haoni kilichopakwa, na kazi hiyo atapewa mtu wa grisi.

— Kwani unapaka nini hasa? aliuliza Spika, dereva mstaafu asiyejua kunong'ona. Gari langu mimi lilikuwa linachuruzika grisi. Ukilitazama tu, unajua limehudumiwa!

— Gari lako halikuingia tanurini. Grisi ingeungua, mkate ukanuka gereji.

— Basi ongeza unga, kaka! Bandika tabaka nene, meneja alione, yaishe.

— Tabaka nene hubanduka, likaangukia mkate. Huu mwembamba unang'ang'ania chuma. Unalika wenyewe kidogo kidogo, chuma kinapona. Jumamosi naupaka tena.

Soli, mshona viatu, akatua kikombe.

— Mnamsumbua bure. Siri ni kile kidole. Kina mafuta ya ukoo. Babu yake alikuwa hivyo hivyo.

— Babu yangu alikuwa karani.

— Haya, nani aliwahi kusikia faili lake limekwama?

— Ukoo wapi! akanguruma Spika. Magurudumu yamemzoea. Akifukuzwa leo, kesho yanagoma yote, mji mzima tunakunywa chai kavu!

Shangazi, muuza kahawa, alicheka hadi birika likamtikisika mkononi. Kidole hakucheka. Angeambiwa amezembea, angejitetea. Lakini kuambiwa hivyo kwa sababu kazi yake ni safi mno, hilo lilimuuma.

Hapo akatokea mtu wasiyemjua, ovaroli mpya, kopo la grisi mkononi, kifuniko hakijaguswa.

— Shikamooni, wazee wangu.

— Marahaba.

— Meneja ameniagiza nianze na toroli linalolia kuliko yote. Nimeyasukuma yote kumi na mawili, mara mbili mbili, hata sikio nimetega. Ni lipi?

Spika aligeuka kulitazama kopo. Soli akakuna kidevu, akamtazama Shangazi; Shangazi akamtazama Kidole.

Kidole alinyoosha mgongo taratibu, akasogea kumpa mgeni nafasi.

— Mmiminie kahawa, Shangazi, alisema. Ana safari ya kurudi kwa meneja, na kopo bado zito.