Maneno ya Mwalimu Waceke Tulipomuaga Nanjala

Mheshimiwa Mwakilishi wa Wadi yetu, Chifu wetu, Mchungaji uliyetufungulia ukumbi huu mwezi baada ya mwezi bila kutuuliza tutaufunga saa ngapi, Mwenyekiti wetu Bwana Njuguna, Bwana Joash pamoja na familia yote ya dada yetu Everlyn Nanjala, ndugu wageni mliotoka Satellite, Woodley na kwingineko, na ninyi wanachama wenzangu wa Klabu ya Ujirani Mwema ya Mutuini, hamjambo? Wale wa nyuma, sijawasikia. Hamjambo? Sasa tuko pamoja.

Kwa wageni ambao hawanijui, mimi ni Waceke. Nilifundisha shule ya msingi mpaka nikastaafu, kwa hivyo naomba radhi mapema, maana mwalimu akipewa kipaza sauti husahau kwamba kengele ipo. Mume wangu ni Thuo, yule mzee aliyeketi hapo mbele amevaa kofia ya kahawia. Thuo alikuwa fundi wa rangi. Ukipita Woodley ukaona nyumba za zamani, huenda kuna ukuta aliowahi kuupaka yeye akiwa kijana. Leo haoni, na wengi wenu mnalijua hilo. Yaliyotokea katikati hamyajui yote, na kwa kuwa dada Nanjala anatuacha kesho kutwa kwenda Lugari, kwenye nyumba waliyoijenga na mumewe, nimeomba niwe mimi nitakayeyasimulia.

Klabu hii, wageni wetu, haina mambo makubwa. Kila mwezi tunakutana hapa tusikilize mtu akituzungumzia jambo, kisha siku nyingine tunatoka matembezi. Tumewahi kuletewa mfuga nyuki kutoka Satellite, akatufundisha mpaka Njuguna akaenda kununua mzinga, na nyuki wakahamia kwa jirani. Tumewahi kuletewa muuguzi akatuzungumzia ugonjwa wa sukari, na siku hiyo kila mtu alikunywa chai isiyo na sukari bila kulalamika, mpaka muuguzi alipopanda bodaboda na kuondoka. Mwanasheria naye alitufundisha kuandika wosia. Mwenyekiti wetu alilala tangu mwanzo hadi mwisho, kisha akauliza swali zuri kuliko sisi sote.

Na ni nani alikuwa akitafuta wazungumzaji hao? Ni nani alikuwa akikodi gari, akikumbuka nani hali nyama, nani hawezi kupanda ngazi? Nanjala. Fundi wa cherehani mwenye duka la kushona sare za shule, mwenye kazi ya kutosha ya kumfanya aseme hana nafasi. Sijawahi kumsikia akisema hivyo.

Sasa nirudi kwa mume wangu. Presha ya macho ilimla taratibu. Kwanza alianza kupaka ukuta na kuacha pembe, wateja wakidhani amezeeka. Halafu akagongana na mlango wa nyumba yetu wenyewe. Hospitalini walifanya walichoweza, lakini tulikuwa tumechelewa. Giza lilipofika, Thuo aliingia chumbani na kukaa. Hakutaka kwenda kanisani. Hakutaka hata kutoka nje kuota jua, kwa sababu, alivyoniambia, hakutaka watu wamwone akishikwa mkono kama mtoto. Wageni walikuja, wakaomba, wakaondoka. Baada ya muda hawakuja tena, na siwalaumu. Utamtembelea mara ngapi mtu anayejibu kutoka nyuma ya mlango?

Nanjala alikuja siku moja kutualika matembezi. Nilimwambia anajisumbua. Akaniomba tu nimruhusu asimame karibu na mlango wa chumba. Thuo akamsikia, akasema kutoka ndani, "Mama, mimi sina kazi huko. Mtu haoni, ataenda kutembea aone nini?"

Nilitegemea angesema maneno ya huruma, yale tuliyokwisha kuyasikia kwa kila mtu. Badala yake akamjibu hivi: "Mzee, sisi hatutafuti macho. Tunatafuta mtu wa kubishana na Njuguna. Siku hizi anashinda kila ubishi, na hiyo si nzuri kwa afya yake."

Ndugu zangu, Thuo na Njuguna wamebishana tangu ujana wao. Wamebishana kuhusu mpira, kuhusu mvua, kuhusu ng'ombe wa nani aliyeanza kuvunja ua. Halafu nikasikia sauti ambayo nilikuwa nimeisahau. Thuo alikuwa akicheka.

Matembezi yale yalikuwa ya mjini. Tulikwenda KICC, lile jengo refu la mikutano, tukapanda mpaka juu kabisa, pale unapouona mji wote umetandazwa. Watu wakatawanyika kupiga picha. Mimi nilimshika Thuo mkono nikiwa na hofu, nikijiuliza kama nimemleta kumtesa. Ndipo akauliza kwa sauti, "Njuguna, unaona nini?"

Njuguna akajibu kwamba anaona mji.

"Hiyo hata mimi nilijua," Thuo akasema. "Mji gani?"

Mwenyekiti akaanza kueleza, na kila alichotaja kikapingwa. Akisema miti, Thuo anauliza iko upande gani wa barabara. Akisema paa la kijani, Thuo anauliza, "Kijani ya sukuma wiki ama ya avokado?" Wengine wakasogea kusaidia. Mmoja akasema ni ya sukuma wiki, mwingine akaapa kwamba ni ya avokado iliyoiva. Hata askari wa pale akaja kutoa maoni yake. Tulikaa juu kule mpaka dereva akapiga simu kuuliza kama tumepotea. Wangapi kati yenu mlikuwapo? Mnaona mikono hiyo, wageni? Waulizeni, watawaeleza kila paa.

Tangu siku ile Thuo hakukosa mkutano wala matembezi, mpaka tulipokwenda Ngong.

Nitakayoyasema sasa yanamhusu katibu wetu Clifford. Clifford, inua kichwa, nilikuomba ruhusa na ukanipa. Kule milimani njia ilikuwa na mawe na upepo ulikuwa mkali. Thuo aliteleza, akateguka kifundo cha mguu. Vijana walimbeba zamu kwa zamu mpaka chini, na matembezi yakaishia hapo, nyama ikiwa bado mbichi. Katika mkutano uliofuata, Clifford alisimama kwa adabu na kupendekeza kwamba wasioweza kutembea wenyewe wawe wakija kwenye mazungumzo tu, na matembezi yaachiwe wenye nguvu. Hakutaja jina. Alikuwa na wasiwasi kwamba siku moja mtu ataumia zaidi, na kusema kweli lilikuwa jambo la kufikiriwa.

Mwenyekiti wetu, ambaye hajawahi kukosa la kusema, alitazama dari. Hata mimi, mke, sikufungua mdomo, kwa kuwa nilikuwa nimeogopa kule mlimani kuliko mtu yeyote. Thuo ndiye aliyejibu. Alisema kijana amesema ukweli, na kwamba yeye atabaki nyumbani.

Nanjala alikuwa pale nyuma akigawa chai. Aliweka birika chini, akamuuliza Clifford kwa upole alichokiona Ngong.

Clifford akafikiri. Akasema aliona zile pangaboi kubwa za umeme wa upepo. Akaeleza kwamba moja ilikuwa inazunguka polepole kuliko zingine, na kwamba kivuli cha mabawa yake kilikuwa kinapita juu ya ng'ombe waliolala, na ng'ombe wenyewe hawajali. Akaeleza vizuri hata watu wakageuka kumtazama.

"Na ulijuaje kuangalia kivuli?" Nanjala akamuuliza.

"Mzee Thuo aliniuliza kama ziko na kivuli," Clifford akasema.

Hapo Nanjala akatugeukia sisi sote. "Tukimwacha nyumbani, tutaenda sote na tutarudi sote, na hakuna mtu ataona kitu."

Akachukua birika lake akaendelea kugawa chai. Clifford akaondoa pendekezo lake papo hapo.

Lakini mnajua, neno likishamwingia mtu, haliondoki kwa sababu limeondolewa mkutanoni. Siku ya matembezi yaliyofuata Thuo hakuamka kitandani. Alisema mguu unauma. Mguu ulikuwa umepona, nami nilijua, naye alijua kwamba najua. Nikaanza kuviona vile vyumba vyetu vikirudi kuwa kama zamani, nikaenda jikoni nisije nikalia mbele yake.

Nikiwa kule nikasikia hodi. Alikuwa Clifford, amevaa raba mpya, amesimama kwenye uwanja wetu kama mtu aliyeitwa na mwalimu mkuu. Nikamwonyesha mlango wa chumba. Hakuanza na samahani, hiyo ilikuja baadaye. Alisema, "Mzee, leo tunaenda Arboretum, na mimi ndiye naandika ripoti. Ile ni bustani ya miti, na mimi sijui cha kuangalia kwenye mti. Nikienda peke yangu nitaandika tu kwamba tuliona miti."

Thuo akaniita kutoka ndani nimletee koti lake.

Hiyo ripoti mliisoma wenyewe. Ilikuwa ndefu mno, na haikuwa na sentensi ya kupunguza. Tangu hapo wawili hawa wanatembea pamoja, Clifford akieleza na Thuo akikataa. Mwaka huu Thuo mwenyewe alitoa mazungumzo ya mwezi hapa mbele, kuhusu namna ya kuchagua rangi ya nyumba. Baadhi yenu mkaenda kupaka nyumba zenu upya. Mwenyekiti naye alipaka, rangi ya chungwa, na Thuo anasisitiza kwamba hakumshauri hivyo. Na leo, kamati imemchagua Clifford kushika kazi ya matembezi anayoiacha Nanjala. Makofi kwake, tafadhali.

Mheshimiwa, ndugu zangu, limebaki jambo moja, na hili hata Thuo nilimwambia jana tu. Watu husema Nanjala alimtoa mume wangu chumbani. Ni kweli. Lakini kabla hajazungumza naye hata neno moja, alikuwa ameshazungumza na mimi. Alinikuta dukani nikinunua unga. Katika miezi ile yote kila aliyekutana nami alikuwa ananiuliza, mzee anaendeleaje? Lilikuwa swali jema, nami nilikuwa na jibu lake tayari. Nanjala hakuliuliza. Alinitazama akasema, "Na wewe, Mwalimu, unalala?"

Nilisimama pale na unga wangu nikalia kama mtoto wa darasa la kwanza, na yeye akasimama mbele yangu kunikinga, ili waliokuwa wakipita wasinione. Hakunipa ushauri wowote. Jumamosi iliyofuata alikuja kukaa sebuleni kwetu akishona vifungo vya sare, akaniambia niende nikasikilize mazungumzo ya nyuki, na kwamba Thuo akiita ataitika yeye. Sikumbuki chochote kuhusu nyuki. Nakumbuka kwamba nilikaa kwenye kiti, na hakuna mtu aliyekuwa akiniita.

Nanjala, dada yangu, Lugari wamepata mtu. Watakapokuja kukuambia kwamba huko hakuna klabu, wasikilize mpaka mwisho, kisha uanzishe. Joash, shemeji yetu, tunakushukuru kwa Jumamosi zote ulizokula chakula baridi kwa ajili yetu. Nanjala, Mungu akufikishe salama na akustawishie shamba lako.

Mwezi wa Agosti tunakuja, klabu nzima. Clifford ameshatafuta gari. Thuo naye ameshatangaza kwamba lazima akae dirishani. Nilimuuliza jana usiku, wewe dirisha ni la nini? Akaniambia, "Ni la yule atakayekaa kando yangu, nimuulize kila kinachopita nje, asije akalala."

Asanteni kwa kunivumilia na kwa kunipa masikio yenu. Chakula kiko tayari, na wazee watangulie.