Mikorosho Sita Kwenye Njia ya Maji

Sogeeni, Kurwa na Faidha, na hiyo redio izimeni, pumzi niliyobakiza haishindani na muziki. Shamba la Chiwata gawaneni sawa kwa sawa, hilo limekwisha. Linaloninyima usingizi ni kiwanja hiki cha Mkomaindo.

Biashara ziliporuhusiwa kila mtu alitaka kibanda mjini, akaja bwana mpima na mawe yake ya mpaka, akampa mke mwenzangu Siti kule juu barabarani, pa kuweka duka, mimi akanitupa huku chini, na kipande cha katikati yetu akaninyima, eti ni njia ya maji, hapajengwi. Siti akacheka: “Bi mkubwa, si upande mpunga!”

Kicheko kile ninacho kifuani mpaka leo. Nikafanya tunavyofanya kwetu, kwamba aliyepanda mti ardhi ni yake: nikapanda mikorosho sita palepale, nikainua na tuta. Nimezaliwa Mkunya, ambako maji tunayafuata bondeni nusu siku; sikujua kama maji nayo humfuata mtu.

Mvua kubwa zile zikakuta tuta, zikageukia kwetu. Ukuta ukamwangukia Faidha, ndio mguu huo anaouburuta. Nikatangaza mtaa mzima kuwa Siti ndiye aliyetugeuzia maji. Nilisema uongo, wanangu. Na ni Siti aliyekubeba, Faidha, akakulaza kitandani kwake, na hilo nalo nilimwonea wivu.

Usinitazame hivyo, Kurwa. Najua Jumamosi unakwenda kwenye mkutano wa halmashauri kuipinga sheria ndogo ya kuacha mikondo ya maji wazi, kwa kuwa mikorosho imeanza kuzaa. Ikate! Ikate kabla ya Jumamosi, tuta ulisawazishe, kisha usimame mbele ya watu useme mama alikosa, mpima alikuwa na haki. Mji usioyaachia maji njia, maji hujichagulia, na hayachagui nyumba ya adui yako. Mficha uchi hazai. Mimi nimeshazaa, nimeshaficha, basi.

Siti mwombeni radhi kwa jina langu. Lakini nikishazikwa… nikishazikwa, Kurwa, si kabla, nisimwone anavyocheka.

Maji… hapana, nilowesheni midomo tu. Mungu awape mahali pakavu. Awape… shoka liko nyuma ya mlango.

Na Siti akija matangani, mpeni kile kigoda kibovu.