Kichwa Kisicho na Mshono

"Yule binti wa kijiji cha Mpitimbi, jirani yake anaapa madaktari wa Dar walimpasua kichwa, wakauona uvimbe, wakaogopa, wakashona," bibi mmoja alimsimulia Beata ndani ya basi la Songea.

Beata alimwacha amalize. Hadithi tamu haikatizwi.

"Ndiye mimi, bibi. Walinipiga picha ya kichwa tu, hawakunipasua. Ni uvimbe mdogo chini ya ubongo, umelala. Ukikua utanipofusha macho, ndiyo maana kila mwaka naenda kupimwa, kama leo. Miaka mitatu haujakua. Namshukuru Mungu, na daktari aliyeuacha."

"Uvimbe wa kichwani unaachwaje, mjukuu wangu? Walikuficha ukweli."

Beata akavua kitambaa chake cha mtumba, akainamisha kichwa. "Nipapase basi, bibi, uutafute huo mshono."

Basi likasimama stendi. Mikono ya bibi ilikuwa bado juu ya kikapu alichokipakata, haijagusa kichwa.