Bi Hodi, Aliyeubomoa Mfumo Wake Mwenyewe

Baada ya miaka ishirini na tisa ya utumishi hapa hospitalini, mhandisi wetu mkuu wa programu, ambaye sote tunamwita Bi Hodi, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni.

Alipoajiriwa, kitengo chetu kilikuwa chumba kimoja nyuma ya stoo, chenye feni iliyopiga kelele kuliko ilivyopuliza. Humo ndimo yeye na wenzake wawili, ambao wamemtangulia kustaafu, walimoandika mfumo wa hospitali tuliouita Mzee: usajili, maabara, dawa na malipo, vyote mwili mmoja. Tulimpenda Mzee. Ila ukimgusa kidole, mwili mzima unauma.

Siku moja tulirekebisha sehemu ya malipo, na maabara nayo ikazima. Muuguzi wa chumba cha upasuaji akapiga simu: "Dada, mgonjwa yuko mezani, na kundi lake la damu silioni!" Bi Hodi aliurudisha mfumo upesi, mgonjwa akapona. Lakini mumewe alitusimulia baadaye kwamba jioni ile aliacha chakula mezani, akaketi kuichunguza hitilafu ile.

Vijana wa kitengo walipopendekeza Mzee avunjwevunjwe kuwa huduma ndogondogo, kila moja ikijitegemea, tulidhani mama mtu atakuwa wa kwanza kukataa. Nani hubomoa nyumba aliyoijenga kwa jasho lake? Alikubali kabla hawajamaliza kueleza, kisha akaiongoza kazi hiyo yeye mwenyewe, akianza na maabara.

Jina la Bi Hodi lilitokana na lango. Huduma zilipotengana, bado zilihitaji kuzungumza, naye akaweka sharti: kila ombi lipitie lango moja, lijitambulishe, ndipo lipewe kile tu linachostahili. Mkurugenzi alipotaka ripoti zake zipite njia ya mkato, alijibiwa kwa heshima zote: "Bosi, hata wewe piga hodi." Akapiga. Tulicheka wiki nzima, chinichini.

Siku ya kumzima Mzee, Bi Hodi aliomba abonyeze kitufe mwenyewe. Tulileta soda. Yake ilibaki mezani hadi ikaisha gesi.

Wiki iliyopita huduma ya malipo ilianguka asubuhi, watu wakiwa wamejaa madirishani. Maabara haikutikisika, dawa ziliendelea kutolewa, na vijana wakaitengeneza bila kumwita Bi Hodi. Alisimama kizingitini, miwani mkononi, akiwatazama wakihangaika mpaka wakafaulu. Akarudi zake kupakia vitu, akiimba kwa sauti ya chini wimbo ambao hakuna kati yetu aliyeujua.

Ahsante, dada yetu, kwa kutulea na kwa kutugombeza ilipobidi. Mumeo na wajukuu wamekungoja vya kutosha. Sasa ni zamu yao. Tunakuombea afya, vicheko, na asubuhi zisizo na haraka.