Mteremko wa Mama Gia

Wasikilizaji wapendwa, simu yangu hii hapa mkononi. Nimerekodi mambo msibani.

Tunamkumbuka Mama Gia. Aliendesha malori, malori ya kweli, mpaka mgongo ukagoma. Ndipo studio ya gemu ikamwita awafundishe vijana lori linavyokwenda. Lile gemu la lori, lenye usukani na pedeli, la kukimbizana na saa? Mkono wake huo.

Sasa balaa. Mwanawe wa pekee alilicheza tangu miguu haijafika kwenye pedeli. Akakua, akawa dereva wa lori. Na gemu linampa pointi anayekimbia. Mama Gia akakosa raha. Mdogo wake kaniambia, "Simu ikiita, anaiangalia kama nyoka."

Akaongeza mteremko kwenye gemu. Ukiingia na kasi, breki zinachemka, umekwenda na maji. Dawa ni moja: gia namba mbili kule juu, kabla hujaanza kushuka. Kule juu, ambako hakuna anayeogopa. Ukianguka, kioo kinaandika: Kawia ufike.

Bosi wa studio akaguna. "Mama, wachezaji watakasirika."

"Waikasirikie mashine. Mashine haina mama wa kuisubiri."

Mwanawe akaucheza. Akaanguka, akacheka. "Mama wewe, unanichuria tu."

Alijifunza? Mama hakujua. Wiki iliyopita moyo wa Mama Gia ukasimama, na swali lake akaondoka nalo.

Msiba ulimkuta kijana safarini, na lori, na mzigo, huko milimani. Siku ya mazishi tunampigia, hapatikani. Tunapiga tena, hapatikani. Watu wa studio wameinamisha vichwa. Mama yake mdogo anauliza, "Ameshavuka mlima?" Saa ya kuondoka kwenda makaburini ikapita. Tukaketi kumsubiri.

Halafu, sikilizeni nilichorekodi. Mnasikia? Ngurumo nzito, ya polepole, inateremka barabara ya nyumbani. Gia namba mbili hiyo.

Kijana akashuka, macho mekundu. "Mama mdogo, nisamehe. Nimechelewa. Malori yote yamenipita mteremkoni."

Mama mdogo akamshika kichwa. "Chelewa, baba. Chelewa hivyo hivyo."

Poleni sana familia. Poleni studio. Na wewe unayenisikiliza ukiwa nyuma ya usukani, hebu jiulize uko juu bado, au umeshaanza kushuka. Nyumbani kuna mtu ameishika simu.