Mama Subiri na Laini Yake Mwenyewe

Tarehe 30 Juni, Mama Subiri anastaafu baada ya miaka thelathini na miwili kwenye swichibodi ya simu ya hospitali yetu. Jina hilo alipewa na wapigaji, maana hakuna aliyepita kwake bila kuambiwa asubiri kidogo, anaunganishwa.

Alianza enzi za kuchomeka waya kwa mkono. Alijua daktari gani yuko wodini na yupi kajichimbia kantini, wala hakumchongea mtu. Watu aliowaunganisha wakishasalimiana tu, anavua hedifoni na kugeuza uso, asisikie yasiyomhusu. Tumembembeleza miaka yote atupe umbea, hatujaambulia kitu.

Kilichotuuma ni kwamba mtu huyu aliyeunganisha kila mtu hakuweza kumpigia simu mdogo wake wa kiume, fundi saa anayeishi ng'ambo. Mdogo wake ni kiziwi, na tangu utotoni wanazungumza kwa mikono. Kuandikiana wameandikiana, lakini alikuwa na hamu ya kumwona akiongea.

Ndipo tukamzawadia kompyuta iliyokuwa ya mapokezi, yenye mfumo wa Linux, ampigie mdogo wake kwa video. Alipoiwasha, alama ya Wi-Fi haikuonekana. Fundi wetu wa kompyuta akaeleza kwamba inakosekana programu ndogo ya kuitambua Wi-Fi, nayo inapakuliwa kwenye intaneti. Mama Subiri akamkazia macho, akasema hiyo ni sawa na kumwambia mtu apige simu kuripoti kwamba simu yake imekufa! Fundi alitaka kumalizia mwenyewe, akafukuzwa kitini, kwa kuwa nyumbani kwa mama hatakuwepo fundi. Kwa maelekezo tu, mama akaunganisha simu yake ya mkononi, ambayo kamera yake ilikufa zamani, na kompyuta kwa waya, akaruhusu simu igawe intaneti, akapakua programu, akaiwasha kompyuta upya. Majina ya mitandao yakajitokeza. Nywila aliikosea mara ya kwanza, akailaumu kibodi.

Hatimaye akapiga simu ya video, uso wa mdogo wake ukatokea, mikono ikisalimu. Mama Subiri akaitikia, akainuka, akatoka na kufunga mlango. Mazoea! Tulimkuta koridoni, ameelekeza uso ukutani, anawapisha watu waongee. Ikabidi tumkumbushe kwamba safari hii mwenye simu ni yeye. Alicheka huku machozi yakimtoka, nasi tukalia naye.

Asante, mama yetu, kwa kila sauti uliyotufikishia. Tunakutakia mapumziko mema na mtandao usiokatika. Rudi ndani ukae, mdogo wako anakusubiri.