Kopo la Chai Liko Mlalo

Tarehe 30 Juni mwaka huu Mzee Sefania Shemweta anastaafu rasmi, baada ya miaka thelathini na miwili ya kazi katika ushirika wetu wa wakulima wa mboga hapa Lushoto. Tangu wiki iliyopita yuko likizo ya mwisho nyumbani kwake Mlalo, na hafla ya kumuaga ni Jumamosi hii. Kamati imeniomba mimi, Zakia wa masjala, niandike wasifu wake kwa kuwa mlango wangu unatazamana na mlango wa stoo yake. Wamesema niandike kwa uchangamfu. Nitajitahidi, ingawa tangu Jumatatu sijanywa chai ya maana, na aliyeisababisha hali hiyo ni huyuhuyu ninayetakiwa kumsifu.

Mzee Sefania alianza kama kibarua wa kupakia kabichi kwenye malori ya Dar es Salaam. Hakukaa huko sana. Mtu anayepanga kabichi kwa ukubwa na kumfokea dereva aliyeziegemea, ni heri umfungie ndani, basi akapewa stoo. Tangu hapo mbegu zetu za viazi hazijaoza hata katika misimu ile ukungu unapoingia ofisini bila kupiga hodi na kushinda humo hadi mchana. Mbolea, dawa za kupulizia, kreti, kila kitu kilikuwa na mahali pake, na ole wako ukihamishe.

Huyu ni mtu wa kahawa. Chai kwake ni maji yaliyopakwa rangi, na tangawizi ninayotia mimi anasema ni ya wenye mafua. Kahawa yake analima mwenyewe nyuma ya nyumba, anaikaanga Jumapili baada ya ibada, na anakuja nayo ikiwa punje nzimanzima. Kuisaga mapema hataki hata kusikia, eti harufu inakimbia. Kila saa nne alitwanga punje chache kwenye kinu kidogo cha mbao, mlango ukiwa wazi, kuwe na kikao au kusiwe na kikao. Wageni kutoka wilayani walishawahi kunyamaza wakimsubiri amalize.

Mtauliza mtu kama huyo aliipataje chai yetu. Zamani kopo la majani lilitunzwa na yeyote, na majani yaliisha kabla wiki haijafika katikati. Kwenye kikao cha wafanyakazi Mzee Sefania akasimama. "Huwezi kumpa fisi alinde bucha," alisema. "Chai itunzwe na asiyekunywa." Tukacheka, tukapiga kura, akashinda. Kwa hasira za ujana nikasimama na mimi, nikauliza kahawa yake, anayoinywa tangu asubuhi hadi jioni, italindwa na nani? Ukumbi ukapiga makofi. Hivyo ndivyo nilivyojifunga kamba mwenyewe, nikawa mlinzi wa kahawa ya Mzee Sefania.

Tangu siku ile kila saa nne alivuka korido kuja kuniomba punje zake, nami nikamwomba majani yangu. Nikichota nyingi, ananuna. Nikichota chache, ananung'unika kwa Kishambaa ambacho sitakitafsiri hapa. Yeye naye alinipimia majani kwa kijiko kikavu, akifunika kopo upesi kana kwamba kuna kitu kitaruka nje. Na nitagombana naye vipi, wakati asubuhi nimemwamkia shikamoo na ameitikia marahaba kwa heshima zote?

Mara moja tu alituachia kopo, alipokwenda kumwoza binti yake. Kwa akili zetu tukaliweka chumba cha mbegu, kwa sababu ndicho chumba kikavu kuliko vyote. Hatukukumbuka kwamba kilijaa vitunguu saumu vya mbegu, wala kwamba majani ya chai hunyonya kila harufu iliyo jirani. Wageni kutoka Tanga walipokaribishwa chai, mmoja aliuliza kwa upole kama ni dawa ya shinikizo la damu. Mzee Sefania aliporudi alifungua kopo, akanusa, akalifunga, akaenda kuyamwaga majani shambani. Afadhali angetukana.

Tena nisisahau Ramadhani. Mwezi mzima nikiwa nimefunga, hakuvuka korido. Kinu kilikaa kimya, na nilipomuuliza akajibu kwamba kahawa nayo inahitaji kupumzika. Idi ilipopita akaja, akanusa punje, akanilaumu kwamba zimepoteza harufu kwenye droo yangu. Kila mwaka alirudia lawama hiyohiyo. Sijui utamshukuru vipi mtu anayekutendea wema kisha anakugombeza kwa wema huohuo.

Sasa Ijumaa iliyopita, siku yake ya mwisho, aliaga kila mtu, akapanda gari la Mlalo. Jumatatu saa nne nikavuka korido. Stoo imefungwa. Nikaomba ufunguo, nikafungua, na kopo la chai halipo. Nikampigia simu.

"Nimelibeba kwa mazoea, Mama Jafari," akasema.

"Basi mpe dereva wetu Anord, kesho anapita huko."

"Nikilirudisha nimkabidhi nani? Wote hapo mnakunywa."

Glory wa mapokezi akanunua pakiti dukani. Ilikuwa imekaa rafu moja na sabuni ya kufulia, na chai ikaja na ladha ya sabuni. Wenzangu waliinywa. Mimi nilimwaga yangu, maana Mzee Sefania amekwisha kuniharibu. Amenichosha miaka yote hii, lakini siku ile, niliposimama mbele ya mlango wa stoo na kikombe kitupu, nilitaka kulia.

Mzee wetu, ushirika unakushukuru kwa mbegu zilizoota shambani na si ghalani, na kwa kutuvumilia. Tunakuombea afya, mvua za wastani na wajukuu wenye adabu. Kopo kaa nalo, kwa kuwa hapa umetuacha mafisi watupu. Kahawa yako iko kwenye droo yangu, punje nzima, kifuniko kimekazwa, mbali na dirisha. Anord alitaka kukuletea nikamkatalia. Ukiihitaji utakuja kuiomba mwenyewe, siku ya soko, saa nne, na majani yangu mkononi. Kahawa iliyokaangwa haisubiri, ulisema mwenyewe. Usichelewe.